Hizi dawa za RNA zinajua njia ya kwenda ini tu, na kwingine je?

Nianze na ini, juu ukiangalia dawa mpya za RNA zilizopitishwa miaka ya karibuni utaona karibu zote zinaelekea mahali pamoja. Patisirani, ile ya kwanza kabisa ya aina ya siRNA, yaani vipande vifupi vya RNA vya kuzima jeni, Marekani waliipitisha Agosti 2018, inatibu ugonjwa wa kurithi ambao protini mbovu inayotoka kwa ini inaganda kwenye neva na moyo. Ini. Givosirani ikafuata Novemba 2019, ini. Lumasirani 2020, ini. Inklisirani ya kushusha kolesteroli, Ulaya Desemba 2020 na Marekani mwaka mmoja baadaye, ini tena. Mtu angedhani ini ndilo limebeba shida zote za binadamu.

Ukweli ni kwamba kuandika dawa ya RNA siku hizi si kazi kubwa sana. Ukishajua jeni gani inakusumbua, herufi zake zinajulikana, unachagua kipande cha herufi 21 hivi, mashine inakiunda. Kazi iko kwa kukifikisha ndani ya seli unayoitaka, si ya jirani yake, na kikifika kiwe bado kizima. Ini ndipo watu wameijua njia. Kwingine bado wanapapasa.

Mimi ni mtu wa kemisti huku Eastlands, Nairobi, si mtafiti. Wateja wananiita daktari na nimeacha kuwakataza. Kwa hivyo hizi vitu sizisomi juu ya Nobel wala soko la hisa, nazisoma nikiwa nyuma ya kaunta nikifikiria watu wangu wa presha. Yule anayekuja kuniambia nipee kumi tu daktari, zingine nitachukua Ijumaa. Hizo kumi zinaisha, Ijumaa inafika na pesa inaingia kwa unga na gesi, Ijumaa ingine vilevile, na presha haiumi, haikukumbushi kitu, mpaka asubuhi moja mkono wa upande mmoja unakataa kuinuka. Ule utafiti mkubwa wa kitaifa wa 2015 ulipata karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani. Mashine yenyewe ya kupima tunayo hapa kwa kaunta, watu wanaipita wakienda kununua Panadol.

Basi kuna jamaa aliniletea simu yake nione video, mtu anasema kuna sindano ya presha unadungwa mara mbili kwa mwaka na tembe unaweka kando. Ni kweli ama ni wale watu wa kutafuta views? Jibu fupi nilimpa hapohapo: ni kweli, lakini haijafika. Hili ni jibu refu.

Haraka haraka kuhusu RNA yenyewe. DNA yako imekaa kwenye kiini cha seli, haitoki. Seli ikitaka protini fulani inatoa nakala ya sehemu hiyo, hiyo nakala ndiyo mRNA, inatoka nje ya kiini, inasomwa, protini inaundwa, alafu nakala inaharibiwa. Dawa za RNA zinaingilia hapo katikati. Chanjo za Covid za Pfizer na Moderna zilileta nakala kutoka nje ili mwili uunde kipande cha kirusi na ujifunze kukitambua, na hapana, hazikuingia kwenye kiini wala kugusa DNA yako, hilo swali nililijibu mwaka wa 2021 mpaka sauti ikakauka. siRNA zinafanya kinyume, zinaitafuta nakala ya protini usiyoitaka na kufanya ikatwe, protini haiundwi. Andrew Fire na Craig Mello walionyesha hilo mwaka wa 1998 kwa minyoo wadogo wa maabara, 2006 wakapewa Nobel, na Nobel haziji haraka hivyo. Ulimwengu ukashangilia, chagua jeni, izime, umemaliza. Kutoka kwa hao minyoo mpaka patisirani ni miaka 20, na sehemu kubwa ya hiyo miaka ilipotelea njiani. Namaanisha njiani kabisa, ile njia ya kutoka kwa sindano mpaka ndani ya seli.

Iangalie hiyo safari. Unadunga RNA tupu kwa mshipa. Kwenye damu kuna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kukatakata RNA yoyote inayozurura, viko kila mahali, hadi kwenye ngozi ya vidole vyako, ndiyo maana watu wa maabara hawashiki vitu vya RNA bila glavu. Zinazopona zinachujwa na figo, baada ya dakika chache ziko kwa mkojo. Zilizobaki zikifika kwa seli zinakuta ukuta wa mafuta, na RNA imejaa chaji hasi, kipande kidogo cha siRNA kina chaji kama 40 na ni kizito zaidi ya mara 30 kuliko molekuli ya amlodipini, ile tembe ya presha, hapo hakipenyi hata ukikiombea. Juu ya hayo yote mfumo wa kinga ukiona RNA ngeni unadhani ni kirusi na kuwasha moto mwili mzima. Hiyo ya mwisho ndiyo Katalin Karikó na Drew Weissman waliitatua mwaka wa 2005, wakabadilisha herufi moja ya RNA kidogo tu, wakaweka sudouridini mahali pa uridini, kinga ikatulia. Nobel yao ilikuja 2023.

Alafu kuna sehemu ambayo kwenye video hawaisemi. Tuseme umefika na seli imekumeza. Kumezwa bado si kuingia. Unajikuta ndani ya kifuko kinaitwa endosomu, kinaendelea kuwa na asidi zaidi na zaidi, na mwisho wake kinaungana na pale seli inasagia taka. Mwaka wa 2013 watafiti walihesabu siRNA zilizomezwa na seli zikiwa zimefungwa kwenye vijipira vya mafuta, wakapata zilizotoroka kutoka kwa hicho kifuko na kufika mahali pa kazi ni asilimia 1 mpaka 2. Basi. Zingine zote ziliishia humo. Na hiyo ndiyo njia tunayosema imefanikiwa, ndiyo patisirani ilipitia, kwa hivyo ukisikia mtu anasema dawa za RNA ni za ajabu mwambie ajabu zaidi ni kwamba zinafanya kazi na mzigo mwingi hivyo umeanguka njiani.

Kwa miaka mingi mbinu ilikuwa kuikwepa safari yote. Fomivirseni, dawa ya kwanza ya familia hii kupitishwa, 1998, ilidungwa ndani ya jicho. Jicho lenyewe. Ilikuwa ya watu wenye ukimwi ambao kirusi cha CMV kilikuwa kinawapofusha. Ilifanya kazi, alafu ARV zikaenea kwao, watu wakaacha kupofuka, soko likaisha na dawa ikaondolewa. Huku kwetu ARV zilikuwa bado za wenye pesa, lakini hiyo hasira niiweke ya siku ingine. Nusinerseni ya Desemba 2016, ya watoto wenye SMA, ule ugonjwa unaomaliza misuli, hiyo inadungwa kwenye uti wa mgongo, maana ukiiweka kwa damu haifiki kwa neva zinazohitajika. Sasa wewe nenda wodi yoyote Nairobi umwambie mzazi kwamba mtoto atadungwa mgongo, uone kama utamkuta hapo ukirudi, watu wengi bado wanaamini ukitolewa maji ya mgongo hauinuki tena. Na orodha ya bei Marekani ilisema dola 750,000 kwa mwaka wa kwanza. Hata mgongo hautafika kuujadili.

Vile vijipira vya mafuta ndivyo vilifungua njia ya damu. Kundi la Pieter Cullis kule Vancouver lilikaa na hiyo kazi miaka na miaka. Ni mafuta ya aina nne pamoja, na moja lina ujanja: kwenye damu halina chaji, kwa hivyo halishtui mtu, lakini likikutana na asidi ya endosomu linapata chaji chanya, linagombana na ukuta wa kifuko na RNA kidogo inachomoka. Lakini kitu kilichonifurahisha ni hiki: kijipira kikiwa kwenye damu kinavishwa protini ya mwenye mwili inaitwa ApoE, ile inayosafiri na kolesteroli, na seli za ini zina vipokezi vya kukamata chochote kilichovaa ApoE. Ini likaanza kukamata dawa likidhani ni kolesteroli ya kawaida. Kwa hivyo hata ukitaka kupeleka kwa mapafu, ini linakutangulia. Chanjo ya Covid haikuhangaika na hayo, inadungwa kwa mkono, seli za kinga ziko hapohapo na kwenye matezi ya karibu, maikrogramu 30 za Pfizer zinatosha. Kudunga chanjo ndiyo kazi rahisi kuliko zote kwenye hii biashara. Tulidhani ile ilikuwa kilele, kumbe ilikuwa mteremko.

Njia ya pili ya ini ndiyo naipenda zaidi, na imetoka mahali hakuna mtu alikuwa anatafuta dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gilbert Ashwell wa taasisi za afya za serikali kule Bethesda na Anatol Morell wa New York walikuwa wanafuatilia protini ya damu inayobeba shaba, seruloplasmini. Protini hiyo imepambwa na minyororo ya sukari. Wakaondoa ile sukari ya mwisho kabisa, asidi ya siali, wakaidunga sungura, na protini ikapotea kwa damu ndani ya dakika chache. Walipoitafuta ilikuwa kwa ini. Ukiondoa hiyo ya mwisho unaifunua sukari iliyo chini yake, galaktosi, na seli za ini zina kipokezi cha kuikamata. Mpaka leo wengine wanakiita kipokezi cha Ashwell na Morell. Seli moja ya ini inacho karibu nusu milioni, kinashika mzigo, kinaingia nao ndani, kinauachilia, kinarudi nje kushika mwingine, yote hiyo kama robo saa. Na seli zingine za mwili karibu hazinacho.

Hapa Nairobi hakuna mtu anamtuma wa boda kwa namba ya nyumba. Unamwambia shuka stage, pita kinyozi, ukiona mama wa mutura angalia geti ya kijani mkabala naye. GalNAc, sukari ndogo ya ukoo wa galaktosi, ndiyo geti ya kijani. Wanaunganisha tatu kwa mpigo na siRNA, hakuna haja ya mafuta, wanadunga chini ya ngozi, dawa inajipeleka. Shida ya miili yetu ni kwamba mitaa mingine yote ina mageti meusi.

Na bado kuna jambo ambalo nililisoma mara mbili nikitafuta limekosewa wapi. Ile endosomu inayomeza dawa na kukataa kuiachilia? Kwa hizi za GalNAc imegeuka ghala. Kemia ya siRNA za siku hizi imeimarishwa sana, herufi zimefungwa flori hapa na methili pale, haziozi hata kwenye asidi, kwa hivyo zinakaa humo ndani wiki baada ya wiki zikivuja moja moja. Na kila moja inayotoka haitumiki mara moja ikaisha, inakata nakala, inaachana nayo, inakata ingine. Ndiyo maana inklisirani unadungwa leo, baada ya miezi 3, alafu kila miezi 6. Kasoro iliyowasumbua watu miaka 20 ndiyo imekuwa sababu ya kudungwa mara mbili tu kwa mwaka.

Sasa rudi kwa kaunta yangu. Presha ya wengi inaendeshwa na mnyororo ambao unaanzia kwa protini inaitwa angiotensinojeni. Tembe za losatani na enalapili zinakata huo mnyororo huko mbele. Protini yenyewe, nyingi yake, inaundwa wapi? Kwa ini! Zilebesirani ni siRNA yenye GalNAc inayozima hiyo protini kwenye chanzo, ya kampuni ya Alnylam ambao wameshirikiana na Roche tangu 2023, na matokeo ya kwanza yaliyotoka mwaka huohuo yalionyesha dozi moja inashusha presha na inakaa imeshuka karibu miezi 6. Majaribio yaliyofuata, mengine yaling'aa na mengine yalikuwa ya wastani, hasa ukiiongeza juu ya dawa mtu anazomeza tayari. Bado iko kwenye majaribio. Ndiyo ile ya video.

Na maoni yangu ni haya, tofauti kidogo na ya wale wanaoandika kwamba hizi ni dawa za matajiri tutazisikia tu kwa redio. Nadhani dawa ya namna hii inatufaa sisi kuliko inavyowafaa wao. Mtu wa London ana daktari wake, ana dawa ya mwezi inatoka bila kulipa ama akilipa kidogo, akisahau kuna ujumbe kwa simu. Mtu wangu ana kazi ya mjengo leo na kesho hajui, ana tembe kumi, na ana njaa. Kumpata mara mbili kwa mwaka, siku analeta mtoto kliniki ama siku ya kambi ya kanisa, hilo tunaweza, tumelifanya na chanjo za watoto na tumelifanya na sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu, ambayo mabinti huku hawaikosi. Halafu joto. Chanjo ya Pfizer ilianza ikihitaji nyuzi 70 chini ya sifuri, patisirani inataka friji. Inklisirani inakaa kwa rafu, joto la kawaida, haitaki hata friji, inasikitika tu ukiigandisha. Stima ikienda hapa kwangu jioni nzima, hiyo haijali. Watu wanazungumzia RNA wakifikiria friji kubwa za uwanja wa ndege, hawajui kwamba nusu ya familia haina shida hiyo kabisa.

Lakini nina wasiwasi mbili na sitaki kuzificha kwa sababu nimefurahia ile geti ya GalNAc. Ya kwanza ni ujauzito. Dawa zote za huo mnyororo, losatani, enalapili na ndugu zake, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, tunamwambia mama akijua ana mimba aache leoleo. Sindano ya miezi 6 unaiacha vipi? Ya pili ni kuhara. Mtu mwenye presha iliyoshushwa na dawa ya aina hii akipata kipindupindu, na Nairobi kipindupindu kinakuja kila mara mvua ikizidi na mitaro ikifurika, maji yanaisha mwilini, presha inaanguka, na ule mnyororo ambao ungemshikilia umezimwa kwa miezi. Tembe unaisimamisha jioni hiyohiyo. Kampuni inajua, wamekuwa wakitengeneza kipande kingine cha RNA cha kuifunga hiyo siRNA na kuizima, na kwangu mimi hiyo dawa ya kuzima ndiyo ningetaka iingie nchini kwanza, kabla ya ile ingine. Majaribio mengi ya presha hufanywa mahali ambapo hakuna mtu anakufa na kuhara. Mtu anafaa kuuliza hilo swali akiwa na mfano wa mitaa ya mabanda ya Mukuru kichwani.

Sasa magonjwa yetu mengine, yale yanajaza benchi. Malaria ndiyo wa kwanza kuulizwa, na hapo jibu linakatisha tamaa kidogo: kile kimelea cha malaria, falsiparumu, hakina ile mitambo ya ndani ambayo siRNA inaitumia kukata nakala. Unaweza kumpelekea siRNA nzuri ya kila aina, hana mkasi. Kimelea cha malale anao, ukishangaa. Kwa hivyo malaria, msaada wa RNA ukija, utakuja kwa njia ya chanjo, si ya kuzima jeni zake.

Sikoseli ndiyo inaniuma. Ukienda Kisumu, Siaya, Busia, Homa Bay, au Kilifi kule pwani, kila mtaa una mtoto analia mifupa usiku, na jamaa zao wako hapa mjini wakija kwangu kuuliza haidroksiyurea na asidi ya foliki. Dawa ya kubadilisha jeni yenyewe sasa ipo, Kasgevi, Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, lakini wanakutoa seli za uboho, wanazirekebisha maabara, wanakupa kemo kali ya kuuchoma uboho wa zamani, wanazirudisha, miezi ya hospitali, dola milioni 2.2. Hiyo si dawa ya Siaya, na hata ungepewa bure, hiyo kemo inahitaji wodi ambazo ni chache sana nchini. Kinachotakiwa ni kuirekebisha hiyo seli ikiwa ndani ya mfupa, kwa sindano. Yaani tatizo la geti tena. Mwaka wa 2023 watafiti wa Philadelphia walichukua kijipira cha mafuta wakakibandika kingamwili inayotambua CD117, alama iliyo kwenye seli shina za uboho, wakadunga panya, na mRNA ikafika kwenye seli shina za uboho na kubadilisha jeni zake. Panya bado. Lakini 2019 Gates Foundation na taasisi za afya za Marekani waliahidi dola milioni 100 kila mmoja kwa ajili ya tiba kama hizo, za sikoseli na HIV, zinazoweza kutumika Afrika, kwa hivyo kuna watu walishaliona.

Na kwamba sindano inaweza kurekebisha jeni ndani ya mwili si hadithi tena. Mei 2025 hospitali ya watoto ya Philadelphia ilitangaza mtoto mchanga aliyezaliwa na ugonjwa wa nadra wa kushindwa kuondoa amonia, wakamtengenezea dawa yake peke yake, mRNA ya mkasi wa jeni ndani ya kijipira cha mafuta, miezi 6 tu ya kazi. Ugonjwa wenyewe uko wapi? Kwa ini. Wangekuwa na mtoto wa sikoseli mbele yao, wangekuwa na dawa na hawana njia.

HIV hali ni hiyohiyo. Kirusi kinajificha kwenye seli za CD4 zilizolala, ARV haziwezi kukiona hapo, ndiyo maana ukiacha kumeza kinarudi. Hizo seli zilizolala zilikuwa zinakataa vijipira vya mafuta kabisa, hazimezi kitu. Mwaka wa 2025 watu wa Taasisi ya Doherty, Melbourne, wakabadilisha mchanganyiko wa mafuta, wakapata kijipira wakakiita LNP X (LNP ni kifupi cha Kiingereza cha hivi vijipira), na kikaingia, kikapeleka mRNA inayomwamsha kirusi ajitokeze. Hiyo ilikuwa ni kwenye seli zilizotolewa na watu wanaoishi na HIV, kwa maabara, si kwa mtu. Kenya tuko na watu kama milioni 1.4 wanaoishi na HIV na hiyo habari ilipita hapa bila kelele, wiki hiyo redio zilikuwa na siasa tu.

Kuna pia njia ya kubadilisha mafuta peke yake bila kingamwili. Daniel Siegwart na wenzake kule Dallas walionyesha 2020 kwamba ukiongeza aina ya tano ya mafuta, yenye chaji chanya, kijipira kinahamia mapafu, yenye chaji hasi, kinahamia bandama. Kwa panya tena. Lakini nikifikiria TB, mapafu si mahali pabaya pa kuanzia.

Tungeweza kuwa karibu zaidi na hii kazi. Februari 2022 WHO ilitaja nchi sita za kwanza za Afrika zitakazopewa teknolojia ya mRNA kutoka kituo cha Cape Town, Kenya ikiwemo, na taasisi yetu ya BioVax ndiyo iliyoandaliwa kuipokea. Mwezi uliofuata Moderna wakatia sahihi na serikali kujenga kiwanda cha dola milioni 500 hapa Kenya. Aprili 2024 wakakisimamisha, wakasema oda za chanjo ya Covid Afrika zimekauka. Tulizungumzia kiwanda hicho kwa chanjo tu, chanjo, chanjo, na chanjo ilipoisha hakukuwa na sababu ingine mezani. Mashine za kutengeneza kijipira cha mafuta ni zilezile ukiweka mRNA ya Covid au mRNA ya kurekebisha sikoseli. Hakuna mtu alisema hivyo kwenye ile sherehe, au akisema, haikufika kwa gazeti.

Kuhusu bei, mteja wangu wa simu aliuliza kabla sijamaliza. Ataweza? Leo hawezi. Lakini lenakapaviri, ile sindano ya kuzuia HIV ya mara mbili kwa mwaka, ambayo si RNA lakini mtindo wa kudungwa ni huohuo, Marekani ilitoka Juni 2025 ikiwa juu ya dola 28,000 kwa mwaka, na kufikia Septemba kulikuwa na mikataba ya kampuni za India kuitengeneza kwa dola 40 kuanzia 2027. siRNA inaundwa kwa kemia, hakuna seli hai za kufuga ndani ya matangi, kwa hivyo sioni kwa nini watengenezaji wa aina hiyo washindwe siku hataza zikiruhusu. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza. Kwa HIV kulikuwa na watu barabarani miaka 20 wakiuliza. Watu wa presha hawaandamani, wanakuja kwa kaunta mmoja mmoja na mia mbili.

Nilimpimia presha huyo jamaa wa video kabla aende, 158 juu ya 96, na yeye alikuwa ameniletea hiyo habari kwa ajili ya mama yake. Nikampa amlodipini na karatasi ya kwenda hospitali. Na nikamwambia hivi, na wewe unayesoma nakuambia: mtu akikutumia WhatsApp kwamba ako na hiyo sindano ya miezi sita River Road, anauza, block.